VITAMINI D INATIBU SONONA? HISTORIA YAKE HII HAPA, NA MIMI NINA LA KUUNGAMA

Leo naomba tuweke pembeni stori za nani kaachana na nani. Leo wa kusemwa ni mimi mwenyewe.

Mwaka juzi niliandika hapa hapa posti fupi, aya nne tu. Nilisema sonona inaletwa na upungufu wa vitamini D, kwa hiyo anayejisikia vibaya aote jua, ameze vidonge, basi. Nilikuwa nimeokota kwenye video moja, sikuhakiki chochote. Ile posti ikasambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Wengi mlinishukuru.

Mmoja wa walioisoma ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Jina hataki nilitaje, ila stori kaniruhusu. Yuko Sweden, alienda kusoma akabaki na kazi. Majira ya baridi ya kwanza yalimchapa vibaya. Analala na haamki, chakula hakipiti, simu hapokei, anajikuta analia kwenye basi bila sababu. Daktari wa kule akamwambia ni sonona, akampa dawa na miadi ya kuzungumza na mtaalamu. Huku nyumbani mama mkubwa anasema mwanangu karushiwa kitu. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamtumia posti yangu. Akaacha dawa za daktari, akanunua chupa ya vitamini D.

Kilichompata nitakisema mwishoni. Kwanza nilipe deni. Tangu pale nimekaa miezi nasoma hili jambo lilianzia wapi, nani aliligundua, na hiyo sonona iliingiaje. Mimi ni wa kidato cha nne, na biolojia nilipata D, tena siyo ya vitamini. Kwa hiyo nimesoma taratibu, na nitaeleza taratibu.

WATOTO WA MOSHI

Stori inaanza na miguu ya watoto. Huzuni itakuja baadaye sana.

Mwaka 1645 Mwingereza mmoja, Daniel Whistler, aliandika tasnifu yake ya udaktari kule Leiden, Uholanzi, kuhusu ugonjwa uliokuwa unasumbua watoto wa kwao. Mifupa inakuwa laini, miguu inapinda, kifua kinachomoza, mtoto anachelewa kutembea. Sisi tunaita matege. Mwaka 1650 daktari mwingine, Francis Glisson, akautolea kitabu kizima. Wameueleza vizuri kabisa. Unatokana na nini? Hawakujua.

Halafu vikaja viwanda. Miji ikajaa moshi wa makaa ya mawe, nyumba zimebanana, vichochoro vyembamba, jua halifiki chini. Matege yakawa ugonjwa wa kawaida kwa watoto wa mjini.

Mwaka 1822 daktari wa Poland aitwaye Jędrzej Śniadecki aligundua jambo ambalo hata bibi yako angeliona. Watoto wa ndani ya jiji la Warsaw wana matege, watoto wa vijijini hawana. Akashauri watoto watolewe nje wapigwe na jua. Wenzake hawakumtilia maanani. Mwaka 1890 daktari mmisionari wa Kiingereza aliyewahi kufanya kazi Japani, Theobald Palm, akaja na hoja kama hiyo. Alilinganisha taarifa za nchi mbalimbali, akaona hata watu maskini kabisa, wakiishi penye jua, hawana ugonjwa huu. Penye mawingu na moshi ndo umejaa.

Naye hakusikilizwa sana. Jua ni la bure, nani ataamini kwamba ni dawa?

MELI ILIYOKWAMA GIZANI

Sasa tuhame kidogo kwenye mifupa twende kwenye moyo, maana miaka michache baada ya Palm kulitokea kisa ambacho mimi nikikisoma usiku nashindwa kulala.

Mwaka 1898 meli ya Kibelgiji iitwayo Belgica, chini ya Adrien de Gerlache, ilinaswa kwenye barafu karibu na Antaktika, kule kusini kabisa mwa dunia. Hakuna kwenda mbele, hakuna kurudi. Mwezi Mei jua likazama, na halikuchomoza tena kwa karibu siku 70. Fikiria ndugu yangu, zaidi ya miezi miwili hujaona jua, uko ndani ya mbao na watu wale wale, barafu inabana meli mpaka inalia.

Watu wakaanza kubadilika. Nguvu zikaisha, uso ukapauka, mapigo ya moyo yakaenda ovyo. Wakawa hawaongei. Mwenzao mmoja, Emile Danco, alifariki mwezi Juni. Baadhi ya mabaharia wakachanganyikiwa akili.

Daktari wa meli alikuwa Mmarekani, Frederick Cook. Yeye aliona wenzake wamenyauka kama mimea iliyofungiwa stoo. Akabuni tiba yake: waliozidiwa wavue nguo wasimame mbele ya jiko linalowaka, mwanga na joto viwapige mwilini. Pia akawalazimisha kula nyama mbichi mbichi ya pengwini na sili, ambayo wengi waliichukia. Wakapata nafuu. Mmoja wa waliokuwemo ni Roald Amundsen, yule Mnorwe ambaye mwaka 1911 aliongoza kundi la kwanza kufika Ncha ya Kusini.

Sasa swali la kizushi: kilichowaponya ni nini? Mwanga wa moto? Joto? Nyama, ambayo leo tunajua iliwapa vitamini C na kuwaondolea kiseyeye? Au ni kule kuwa na mtu anayekujali kila siku? Cook alifanya yote kwa pamoja. Ukifanya mambo manne kwa mpigo mgonjwa akapona, huwezi kujua lipi limemponya.

Lishike hilo, maana ndilo lililonifanya mimi nikakosea.

TAA, MBWA NA MAFUTA YA SAMAKI

Turudi Ulaya. Kulikuwa na daktari mzaliwa wa visiwa vya Faroe, chini ya Denmark, anaitwa Niels Finsen. Mwenyewe mgonjwa tangu ujana, na alikuwa akiona kwamba jua linampa nafuu. Akatengeneza taa kali za kutibu kifua kikuu cha ngozi, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata akafariki, ana miaka 43 tu. Kazi yake iliwafanya madaktari waanze kuuheshimu mwanga.

Mwaka 1919 mambo mawili yakatokea kwa pamoja.

Kule Berlin, vita imetoka kuisha, watoto wamedhoofika, daktari Kurt Huldschinsky aliwamulika watoto wenye matege kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, ile mionzi ya jua usiyoiona kwa macho. Mifupa ikaanza kujijenga, na picha za eksirei zikaonyesha. Kinachoshangaza zaidi, ukimulika mkono mmoja, hata mkono wa pili unapona. Maana yake ngozi inatengeneza kitu kinachosafiri kwenye damu.

Wakati huo huo London, Edward Mellanby alikuwa na mbwa wake. Aliwafungia ndani na kuwalisha vyakula kama uji wa shayiri, wakapata matege. Akawapa mafuta ya ini la samaki, wakapona. Kwa hiyo yeye akasema siri iko kwenye chakula, pengine ni vitamini A, ambayo tayari ilijulikana imo kwenye mafuta hayo.

Umeona mvutano? Mmoja anasema jua, mwingine anasema mafuta. Na wote wana ushahidi.

Mtu aliyeanza kukata mzizi wa fitina ni Elmer McCollum wa Marekani, na mbinu yake mimi nimeipenda sana. Alichukua yale mafuta ya samaki, akayapasha moto huku anapitisha hewa ndani yake mpaka vitamini A ikaharibika. Akayajaribu. Ugonjwa wa macho unaotokana na kukosa vitamini A hayakuutibu tena. Matege bado yakatibu! Kumbe kwenye mafuta mna vitu viwili tofauti, na cha pili ndicho kinachotengeneza mifupa. Mwaka 1922 akatangaza. Kwa kuwa A, B na C zilishachukuliwa, hiki kikaitwa D. Wala hakuna siri nyingine kwenye hiyo herufi, ni foleni tu.

Baada ya hapo Harry Steenbock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akaonyesha kwamba hata chakula ukikimulika kwa mionzi ile kinapata nguvu ya kuzuia matege. Mwaka 1928 Mjerumani Adolf Windaus akapata Nobel ya kemia kwa kazi iliyohusisha chanzo cha vitamini hii. Jua na mafuta vikapatana: ngozi ikipigwa na mionzi inatengeneza kitu kile kile kinachopatikana kwenye ini la samaki. Nchi nyingi zikaanza kutia vitamini D kwenye maziwa na siagi ya kupaka, na matege yakapungua mno.

Lakini usifikiri kila kitu kikawa sherehe. Uingereza, miaka ya 1950, walizidisha. Maziwa ya unga ya watoto yametiwa, vyakula vimetiwa, na mafuta ya samaki juu. Madaktari wakaanza kuona vichanga ambao kalsiamu imezidi kwenye damu, wanatapika, hawakui. Viwango vikapunguzwa. Wewe unayemeza vidonge vitatu vitatu kwa sababu ni vitamini tu, soma tena hiyo aya.

MTU ALIYETOKA KWENYE JUA

Mpaka hapa, habari yote ya vitamini D ni mifupa. Sonona inaingilia wapi?

Mwaka 1976 daktari kijana anaitwa Norman Rosenthal alihama kutoka Johannesburg, Afrika Kusini, kwenda New York. Alipofika tu majira ya baridi akaona nguvu zinamwishia, kazi zinamlemea. Yakija majira ya kuchipua, yuko fiti tena. Huko alikotoka jua lilikuwepo mwaka mzima, kwa hiyo tofauti aliiona haraka.

Baadaye akafanya kazi kwenye taasisi ya afya ya akili ya serikali ya Marekani. Kulikuwa na mhandisi mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa anajiandikia daftarini jinsi hali yake inavyopanda na kushuka kufuata urefu wa mchana. Huyo mhandisi aliwapelekea watafiti habari zake, wakamuwekea mwanga mkali, akapata nafuu. Mwaka 1984 Rosenthal na wenzake wakachapisha utafiti wa wagonjwa 29 wenye sonona inayokuja na majira. Herufi za kwanza za jina walilolipa ugonjwa huo, kwa Kiingereza, zinasomeka kama neno lenye maana ya huzuni.

Sasa wadau, hapa ndipo nilipochapia mimi na ile video yangu. Tiba ile ya mwanga inapitia machoni. Mwanga unaingia kwenye jicho, unaiambia saa ya mwili kwamba kumekucha, homoni ya usingizi inapungua. Na taa nzuri za tiba hiyo zimetengenezwa ili kuchuja ile mionzi ya urujuanimno, isije ikaunguza macho na ngozi. Maana yake taa ile haikupi vitamini D kabisa, na bado wapo inaowasaidia.

Kwa hiyo jua moja, njia mbili. Moja inapita kwenye ngozi inaenda kwenye mifupa. Nyingine inapita kwenye macho inaenda kwenye ubongo. Watu wengi, mimi nikiwemo, tulizifunga kamba moja.

KUKU NA YAI

Siyo kwamba wanasayansi hawakujiuliza. Walijiuliza sana, na walikuwa na sababu. Ndani ya ubongo kumepatikana sehemu zinazopokea vitamini D, sasa kwa nini ziwepo kama haina kazi huko? Mwaka 1998 watafiti wa Australia waliwapa wanafunzi 44 vitamini D kwa siku tano wakati wa baridi, wakaona waliopewa wana furaha zaidi. Mwaka 2008 pale Amsterdam walipima watu 1,282 wenye umri wa miaka 65 hadi 95. Wenye sonona walikuwa na vitamini D ya chini kwa asilimia 14 kuliko wasio nayo. Mwaka 2013 tafiti mbalimbali zikajumlishwa, washiriki zaidi ya 31,000, na jibu likawa lile lile: upungufu wa vitamini D na sonona vinaonekana pamoja.

Ukiishia hapo, unaandika posti kama yangu.

Lakini hebu tujiulize kidogo tu. Mtu mwenye sonona anafanya nini? Anajifungia ndani. Pazia limeshushwa. Hatembei, hali vizuri. Mtu wa namna hiyo vitamini D itamtoka wapi? Inawezekana sonona ndo imeshusha vitamini, wala siyo vitamini iliyoleta sonona. Au vyote viwili vimeletwa na kitu cha tatu: uzee, ugonjwa mwingine, unene, umaskini. Kuviona pamoja hakukuambii nani kamtangulia mwenzake. Ni Belgica tena, mambo manne kwa mpigo.

WALIPOJARIBU KUTENGANISHA

Kuna mji unaitwa Tromsø, Norway, huko juu ambako jua linapotea karibu miezi miwili kila mwaka. Ukitaka mahali pa kulijibu hili swali, ndo hapo. Mwaka 2008 watafiti wa mji huo walitoa matokeo ya watu wanene 441. Waliopewa vitamini D kwa mwaka mzima walipungukiwa na dalili za sonona. Safi. Mwaka 2012 wakatoa utafiti mwingine, safari hii wa watu wenye vitamini D ya chini. Wakathibitisha kwamba hao walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona. Wakawapa baadhi yao vitamini kwa miezi sita, wengine kidonge kitupu. Hakuna tofauti. Mji ule ule, giza lile lile, majibu mawili.

Mwaka 2020 likaja jaribio kubwa kuliko yote niliyosoma. Marekani, watu 18,353, wote wa miaka 50 na kuendelea, ambao hawakuwa na sonona wakati wa kuanza. Kura ikaamua nani apewe nini. Nusu wakapewa vitamini D yuniti 2,000 kwa siku, zile IU unazoziona kwenye chupa. Nusu wakapewa kidonge kisicho na kitu. Hakuna aliyejua kapata kipi. Wakafuatiliwa miaka mitano na zaidi.

Waliopata sonona au dalili zake upande wa vitamini ni 609. Upande wa kidonge kitupu ni 625. Kwa kundi la watu maelfu tisa tisa, hiyo ni sare.

Nisiwe mnafiki tena, niseme na upande wa pili. Wengi wa watu wale hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, kwa hiyo jaribio linasema zaidi kuhusu kuzuia kuliko kutibu. Na yapo majaribio madogo ya watu ambao tayari wana sonona, mengine yameonyesha nafuu kidogo, mengine hayakuonyesha kitu. Mlango haujafungwa. Ila kutoka hapo mpaka kumwambia mtu aache dawa zake, ni umbali wa Kigoma na Dar kwa miguu. Mimi niliuvuka kwa aya nne.

SISI TULIOZALIWA NA JUA KICHWANI

Najua kuna wa kusema, haya ni mambo ya wazungu, sisi jua tunalo. Ngoja.

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa Tanzania kwa watu 60, Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha yao ya asili. Vitamini D yao kwenye damu ilikuwa wastani wa 115, kwa kipimo ambacho 50 tu wataalamu wengi wanaona inatosha. Ngozi nyeusi, jua la kutosha, siku nzima nje. Hesabu imekubali.

Lakini mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Kilifi, Kenya, walikusanya tafiti za bara zima la Afrika, wakakuta takribani theluthi moja ya watu waliopimwa wako chini ya hiyo 50. Ukitoka kitandani unaingia daladala, ukitoka daladala unaingia ofisini, jua unalionea dirishani. Na ile mionzi inayotengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo. Nchi za Ghuba ni mfano mwingine, jua kali kama nini, lakini upungufu umejaa kwa sababu watu wanaishi ndani kwenye viyoyozi. Dada zetu wanaofanya kazi za ndani huko, wengine hawatoki nje wiki nzima, mnaelewa ninachosema.

Na ukihamia kaskazini ndo kabisa. Kule Boston, Marekani, watafiti waligundua mwaka 1988 kwamba kuanzia Novemba mpaka Februari jua halina nguvu ya kutengeneza vitamini D kwenye ngozi, hata ukae nje uchi. Sweden iko juu zaidi ya Boston. Ngozi yetu nyeusi inachuja mionzi, kwa hiyo inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kile kile. Ndiyo maana Uingereza inashauri watu wote wafikirie kumeza maikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Hiyo ni kwa ajili ya mifupa na misuli.

Halafu kuna swali moja dogo ambalo ningejiuliza mapema lingeniokoa. Kama jua lingekuwa tiba ya sonona, Dodoma kungekuwa na mtu mwenye sonona? Na wapo. Tunao majumbani, tunawaita wavivu, tunawaita wenye majini, tunawaambia waombe zaidi. Wameshaota jua la kutosha. Hakuna aliyewauliza wanajisikiaje.

DADA

Aliniambia mwenyewe kwa sauti ya WhatsApp, nimeisikiliza mara nyingi.

"Mdogo wangu, huku Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri. Nilimeza zile vitamini kama ulivyoniambia. Wiki ya kwanza nikajiona nina nafuu, kumbe ni matumaini. Wiki ya tatu sikuweza hata kuoga."

Hakujua, na mimi sikujua, kwamba dawa za sonona haziachwi ghafla, zinapunguzwa taratibu na daktari. Alipata kizunguzungu, akakosa usingizi, akaanza kufikiria mambo ambayo sitayaandika hapa. Aliyemuokoa ni msichana anayeishi naye nyumba moja, aligonga mlango, hakukubali kuondoka, akampeleka hospitali.

Wakampima damu. Unajua nini? Vitamini D yake ilikuwa chini kweli. Wakampa vitamini, kwa kipimo chao. Na wakamrudishia dawa zake na miadi ya mazungumzo. Daktari alimwambia hiki ni cha mifupa yako, hiki ni cha sonona yako, usibadilishane. Leo yuko kazini. Baridi iliyopita alilegea tena kidogo, lakini mara hii alipokea simu.

Nilimuomba radhi. Akacheka, akasema, "Ulinitakia mema, ila ulinitakia mema kwa haraka."

Kwa hiyo wadau, ninachosimamia leo ni hiki. Kama unaishi maisha ya ndani, uko Ulaya, au una maumivu ya mifupa na misuli yasiyoeleweka, muulize daktari kuhusu vitamini D, kipimo kipo. Ota jua, tembea, vina faida zake. Lakini kama kwa wiki mbili na zaidi huna raha na chochote, usingizi umeharibika, unajiona huna thamani, nenda kituo cha afya useme hivyo hivyo. Na ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri hata kesho, mwambie mtu leo. Kama uko kwenye dawa, usiziache kwa sababu ya mtu wa mtandaoni. Hata mimi.

Ile posti ya zamani sijaifuta. Nimeweka juu yake maandishi mekundu kwamba nilikosea, na kiungo cha kuja hapa. Najua wengi mliituma kwenye magrupu ya familia. Naomba mrudi kwenye grupu lile lile, mtume na hii.

Na kama yalishakukuta wewe au ndugu yako, andika hapo chini. Majina msiweke. Nitasoma zote.